Nyani hulipa fadhila? Majibu kwa barua zenu

*Maswali kuhusu viumbe hujibiwa na mwalimu mstaafu wa baiolojia, Mikindani.*

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkulima wa korosho hapa Newala. Shemeji yangu alipotoa watoto jandoni nilimtunza vizuri: fedha, mchele na jogoo, na yote yameandikwa kwenye daftari. Mwaka huu imefika zamu yangu, yeye kaleta doti moja ya kanga na maneno mengi. Mzee wangu anasema hata nyani porini hulipa fadhila. Nataka kumwonyesha shemeji kwamba kashindwa na nyani. Je, wataalamu wamelithibitisha hilo? – Mwenye Daftari, Newala

Marahaba. Barua yako imenichekesha, kwa sababu huulizi habari za nyani. Unatafuta fimbo ya kumpigia shemeji. Fimbo hiyo sikupi. Habari za nyani nakupa zote, na uzuri wake ni kwamba zilianzia hapa hapa nchini.

Mwaka 1977 Craig Packer aliandika katika jarida la Nature juu ya nyani wa Gombe, kule Kigoma. Dume anayetaka msaada dhidi ya dume mwenzake humgeukia wa tatu. Anamtazama huyo, anamtazama adui, anarudisha kichwa tena upesi upesi, mpaka aeleweke. Akikubaliwa, wawili wanamvamia yule aliyekaa na jike. Packer aliona kwamba kwa kawaida jike alibaki na aliyeomba msaada, na msaidizi akaondoka mikono mitupu baada ya kujiweka kwenye hatari ya meno. Tena akaona kwamba madume waliosaidia wenzao mara nyingi ndio walioitikiwa mara nyingi walipoomba wao.

Mzee wako angependa tuishie hapo. Shida ni kwamba watafiti wengine waliowafuatilia nyani baadaye hawakuona aliyeomba akimpata jike zaidi kuliko aliyeitikia. Kama ni hivyo, hakuna aliyemkopesha mwenzake kitu. Kila dume liliingia kwenye ugomvi kwa tamaa yake lenyewe, na wawili wana nafasi nzuri kuliko mmoja. Mimi naegemea upande huu. Nimewatazama nyani wakiingia mashambani Masasi miaka yote niliyofundisha huko, na sikuwahi kuona mwenye haya ya kudaiwa.

Deni la kweli, la leo nakupa na kesho unanipa, lina masharti magumu. Robert Trivers aliyaandika mwaka 1971: wahusika wakutane tena na tena, wafahamiane mmoja mmoja, na msaada uwe mdogo kwa anayetoa lakini mkubwa kwa anayepewa. Wewe una daftari la michango na kalamu ya kumkumbushia mtu. Mnyama anabeba yote hayo kichwani, na ndiyo maana waliothibitika ni wachache mno kuliko hadithi zinavyodai.

Mmoja wao ni popo anyonyaye damu. Usitishike, hayupo Afrika. Yuko kuanzia Mexico hadi Argentina, na huyu wetu anayemaliza maembe ni ukoo mwingine. Popo huyo ana gramu 30 hadi 40, chakula chake ni damu tu, na akikosa kwa muda wa siku tatu hivi anakufa. Kukosa ni jambo la kawaida, hasa kwa vijana ambao hawajajua kumkaribia ng'ombe bila kumwamsha. Gerald Wilkinson aliwafuatilia Costa Rica, na mwaka 1984 akaeleza kwamba aliyeshiba hurudi ndani ya uwazi wa mti wanamolala, akamtapikia mwenye njaa damu mdomoni. Mara nyingi ni mama na mtoto, na hapo hakuna la kustaajabu. Wa kustaajabisha ni wale wasio ndugu ila wamezoea kulala pamoja. Aliwachukua popo wa sehemu mbili tofauti, akawachanganya kizimbani, kisha akawa anamnyima mmoja chakula usiku kucha. Aliyenyimwa alilishwa na wa kwao, karibu kila mara.

Mwaka 2013 Gerald Carter pamoja na Wilkinson huyo huyo walionyesha kwamba ukitaka kujua nani atamlisha nani, swali la kuuliza ni nani aliwahi kumlisha nani. Hilo lilieleza mambo kuliko undugu. Na mwaka 2020 Carter na wenzake walichapisha habari za popo wasiojuana waliowekwa pamoja: hawakuanza kwa kupeana damu. Walianza kwa kuchambuana manyoya, kitu kisichogharimu, na baadhi ya waliochambuana sana ndio walioishia kulishana.

Hesabu yake ni nzuri kuitazama. Tumbo lililojaa likipunguzwa kidogo, mwenye tumbo hapungukiwi na mengi. Damu ile ile kwa aliyelala njaa ni usiku mwingine wa kuishi. Sasa jogoo wako, kaka, hakuwa msaada wa namna hiyo. Shemeji hakuwa anakufa. Alikuwa na ngoma.

Nikuongezee la tumbili, maana linagusa nyumba yako. Robert Seyfarth na Dorothy Cheney, kule Amboseli nchini Kenya, walirekodi sauti za tumbili wakiomba msaada, wakazipiga kwa spika iliyofichwa kichakani. Tumbili aliyekuwa ametoka kuchambuliwa na mwenye sauti ile, asiye nduguye, aligeuka na kuitazama spika kwa muda mrefu kuliko kama hakuchambuliwa. Kwa ndugu wa damu, kuchambuliwa au kutochambuliwa hakukuleta tofauti. Huyo ni ndugu, inatosha. Walichapisha hayo mwaka 1984. Shemeji umweke upande upi, wa ndugu au wa jirani, hilo amueni na mke wako. Ila kabla ya kumpeleka mbele ya wazee, uliza kama korosho zake zilikuwa zimeshalipwa. Wengi mwaka huu walicheza ngoma kabla ya fedha ya mnada kuingia.

Mwalimu, mimi ni mzamiaji wa pweza, Msimbati. Kwenye matumbawe kuna kisamaki chembamba, kina rangi ya samawati na mstari mweusi kutoka mdomoni hadi mkiani. Nimekiona kwa macho yangu kikiingia mdomoni mwa chewa na kutoka. Chewa anaacha mdomo wazi kama amelewa. Kwa nini hakimezi? Wenzangu wanasema kina dawa. – Miwani, Msimbati

Hakina dawa, kina kazi. Huyo ni samaki msafishaji, kwa jina la kitaalamu *Labroides dimidiatus*. Anakula wadudu wanaonyonya samaki wakubwa kwenye magamba, matamvua na mdomoni. Alexandra Grutter aliwahesabia kazi kwenye kisiwa cha Lizard, Australia: msafishaji mmoja hukagua samaki 2,300 hivi kwa siku na kula wadudu 1,200 hivi. Chewa akimmeza atapata tonge moja, kesho wadudu wanarudi na wa kuwatoa hayupo.

Lakini usidhani wanapendana. Msafishaji mwenyewe, ukimpa hiari, anapenda ute unaofunika ngozi ya samaki kuliko wadudu. Kila akikagua anashawishika kumng'ata mteja ute. Ukitulia chini utaona mara nyingine samaki anashtuka ghafla: ameng'atwa. Redouan Bshary ametumia miaka mingi kutazama kinachofuata. Samaki mwenye eneo dogo, asiye na pengine pa kwenda, humfukuza msafishaji huku na huku, na baada ya hapo msafishaji anakuwa na adabu. Samaki anayezurura eneo kubwa hana haja ya ugomvi. Anaondoka na safari nyingine anakwenda kwa msafishaji mwingine. Msafishaji anawajua. Wakifika wawili kwa pamoja, anamhudumia mzururaji kwanza, mwenyeji anasubiri.

Na chewa wako? Wasafishaji karibu hawathubutu kumng'ata samaki mla samaki. Sababu unaijua wewe uliyeona mdomo ule kwa ndani.

Kuna jambo lililonifurahisha zaidi ya yote. Mwaka 2006 Bshary na Grutter walionyesha kwamba samaki wanaosubiri hutazama anavyotendewa aliyetangulia, na humkaribia zaidi msafishaji waliyemwona akifanya kazi yake vizuri. Msafishaji naye, akijua anatazamwa, anajizuia. Wanapofanya kazi wawili, dume na jike, jike akimng'ata mteja hadi akaondoka, dume humfukuza jike. Mteja aliyekimbia ni chakula cha dume kilichopotea.

Tahadhari moja. Yupo samaki mwingine, *Aspidontus taeniatus*, aliyevaa rangi zile zile na kuogelea kwa madaha yale yale. Anakaribiwa kama msafishaji, kisha anatafuna kipande cha pezi na kutoweka. Mtofautishe kwa mdomo: wa tapeli uko chini ya pua, wa msafishaji uko mbele kabisa.

Kwa kuwa uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, nadhani umeshaelezwa habari za kutovunja matumbawe. Mimi nakuongezea sababu ambayo huenda hukuambiwa: huko huko Lizard, waliondoa wasafishaji kwenye baadhi ya miamba kwa miaka mingi, na samaki wa hapo wakawa wachache na baadhi yao wadogo kuliko wa miamba iliyoachwa. Kisamaki chako kinalisha hadi ndoo yako.

Mwalimu shikamoo. Babu yangu alirina asali upande wa Nanyumbu, karibu na Ruvuma. Alituambia ndege wa asali, sego, usipomwachia sega, safari nyingine anakupeleka kwa nyoka au chui. Kijana wangu anayesoma anasema ni hadithi tu. Nani mkweli? – Mjukuu wa Mrina, Masasi

Marahaba. Babu yako alikuwa mkweli kuhusu ndege, na alikuwa mjanja kuhusu wajukuu.

Ndege huyu anaongoza watu kweli, na ni wa porini, hakufugwa wala kufundishwa na mtu. Mmisionari Mreno, João dos Santos, alimwandika akiwa Sofala mwaka 1588. Alianza kumfahamu kwa sababu alikuwa akiingia kanisani kula mishumaa. Nta ndiyo anayoitaka, pamoja na majana ya nyuki. Mahali nyuki walipo anapajua. Asichokuwa nacho ni moto na shoka. Hivyo anamwita mwenye navyo, anaruka mti hadi mti huku akipiga kelele, mpaka mfike.

Ng'ambo tu ya Ruvuma, katika hifadhi ya Niassa, Wayao wa Msumbiji wanaendelea na kazi hiyo hadi leo. Wanamwita kwa sauti ya kutetemesha ulimi ikifuatwa na mguno mfupi, ambayo naamini babu yako aliijua. Claire Spottiswoode, pamoja na Keith na Colleen Begg, walitembea msituni wakipiga rekodi za sauti mbalimbali, na mwaka 2016 wakatoa hesabu: kwa sauti nyingine yoyote ndege alijitokeza kuwaongoza mara 33 katika 100; kwa mwito wa Kiyao mara 66. Uwezekano wa kuonyeshwa nyuki ulipanda kutoka asilimia 16 hadi 54. Mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood wakaongeza kwamba ndege wa Niassa hujali zaidi mwito wa Wayao kuliko mluzi wa Wahadzabe, na ndege wa huko kwa Wahadzabe hufanya kinyume chake. Kila mmoja na lugha ya kwao.

Sasa deni. Wayao wa Niassa humwekea sego masega juu ya majani, kwa heshima. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hawafanyi hivyo. Watafiti waliokaa nao waliandika mwaka 2014 kwamba mara nyingi huikusanya nta na kuichoma au kuifukia, ili ndege abaki na njaa na aendelee kuwaongoza. Kama sego angekuwa mwenye kulipiza kisasi, Wahadzabe wangekuwa wamekwisha kwa chui zamani sana. Ndege bado anakuja, kwa sababu hata makombo aliyookota kwenye majani yanamtosha kuliko tundu lililofungwa.

Na nyoka je? Uwazi wa mti unaowafaa nyuki unawafaa nyoka pia. Mtu anayefuata ndege macho yakiwa juu, miguu ikiwa kwenye nyasi, atakutana na nyoka bila mtu yeyote kumkusudia. Lakini mzee anayetaka vijana wasimalize sega zote alihitaji kitu cha kuwatisha. Ningekuwa yeye ningesema chui vile vile.

Usimfanye sego malaika, lakini. Hajengi kiota. Anataga kwenye viota vya ndege wengine, na kifaranga wake huzaliwa na ndoano mdomoni ambayo anaitumia kuwaua watoto wa mwenye nyumba akiwa bado hajafumbua macho. Anayeshirikiana nasi vizuri hivyo ndiye huyo huyo.

Sisimizi maji moto wamejaa kwenye mikorosho yangu, Tandahimba. Vibarua wanagoma kupanda. Jirani anasema niwaache kwa sababu wanalinda mti, na kwamba wao kwa wao ni mfano wa ushirikiano. Niwaue au niwaache? – Mama Korosho

Dada, waache kama unaweza kuvumilia kung'atwa. Maji moto wanawinda mbu wa mikorosho, yule anayechoma machipukizi na maua hadi yakauke, na pia kunguni anayetoboa korosho changa. Kunguni huyo huyo huangusha nazi, M. J. Way alimchunguza Zanzibar kwenye minazi miaka ya 1950 na kuwaona maji moto wakimzuia, na mdudu akapewa jina lake, *Pseudotheraptus wayi*. Kituo cha utafiti cha Naliendele kimewachunguza maji moto kwenye mikorosho yetu, na matokeo yanamuunga mkono jirani yako. Tatizo ni sumu ya wadudu, ambayo inawaua pamoja na adui. Ubwiriunga hawauzuii, huo ni kuvu na una dawa zake. Muulize bwana shamba akupangie. Wakati wa kuokota, korosho zikiwa chini, vibarua hawana haja ya kupanda.

Hilo la mfano wa ushirikiano silipendi. Wale vibarua wadogo wekundu wote ni majike wa nyumba moja, watoto wa malkia, na kwa kawaida hawana uzao wa kwao unaorithi chochote. William Hamilton alilieleza jambo hilo mwaka 1964: anayemsaidia ndugu anapitisha damu yake kwa njia ya kuzunguka. Hakuna kukopeshana hapo. Wanashikana viuno na kuvuta majani, wengine wanabeba majana mdomoni na kuyapitisha huku na huku ili yatoe uzi wa kushona kiota, hakuna anayeuliza malipo. Ukienda mti wa koloni nyingine utaona wanavyokatana vipande.

Biashara ipo, ila ni na vidugamba, wale wanaoganda kwenye vijiti laini. Wanatoa maji matamu, maji moto wanawafukuzia maadui. Ukiona vidugamba wamezidi sana kwenye mti mmoja, kata kijiti hicho tu.

Mwalimu, niko kidato cha tatu, Lindi. Nimesoma kwamba simba jike wanashirikiana kulinda eneo. Je, mvivu wanamfanyaje? Pia nyumbani kwetu kuna tumbili kwenye miembe. Naweza kuchunguza kitu mwenyewe bila vifaa? – Mwanafunzi

Mvivu hawamfanyi kitu. Robert Heinsohn na Packer, yule wa nyani, walipiga rekodi za ngurumo za simba wageni huko Serengeti na Ngorongoro, wakaona majike fulani hutangulia kila mara na wengine hubaki nyuma kila mara. Wanaotangulia wanageuka kuwatazama wanaochelewa, kwa hiyo wanajua. Hawakuonekana kuwaadhibu. Walichapisha mwaka 1995, na mpaka leo hayo ndiyo matokeo ninayopenda kuwapa wanafunzi wanaodhani kila kitu porini kina hukumu.

Tumbili wako wanatosha kabisa. Kwanza wafahamu mmoja mmoja: sikio lililochanika, mkia uliokatika, kovu. Hiyo kazi inachukua wiki, usiiruke. Halafu andika nani anaanza kumchambua nani, saa ngapi, kwa muda gani, na nani anaacha kwanza. Andika pia ugomvi, na nani aliingia kumsaidia nani. Siku zisizo na lolote uziandike vile vile, la sivyo utakumbuka mazuri tu. Mama na watoto wake watenganishe na wengine tangu mwanzo, maana hao watakuharibia hesabu. Na usiwape ndizi hata moja, hata wakikuangalia kwa huruma: wakishazoea mkono wako wataacha kushughulikiana wao kwa wao, na mama yako atapoteza maembe yote.